Pumu: inhela ipo, tangawizi ipo, kwa nini watu bado wanabanwa?

Nenda famasi yoyote ya mtaani Dar usiku wa mwezi wa saba, kibaridi kimekaza, hutakosa mtu kaja na bodaboda anahema kwa mabega, hataki maelezo anataka inhela, ile ya bluu, anapuliza mbili tatu palepale mlangoni, kifua kinaachia, anashukuru Mungu anarudi kulala. Asubuhi nyumbani bibi anamletea kikombe cha tangawizi na asali na matone ya habasoda juu yake, mjukuu wangu kunywa hii ndo dawa, hicho cha kupuliza kinakuzoesha tu. Wiki ijayo kabanwa tena. Inhela imefanya kazi yake, tangawizi imenywewa, pumu iko palepale, na hapo lawama zinaanza, dokta anasema ni hizo dawa za kienyeji, bibi anasema ni hizo kemikali za hospitali. Mimi naona wote wawili wanagombania pembeni. Kuna dawa moja ambayo huyu mgonjwa ama hajawahi kupewa ama alipewa akaiacha bila mtu kumwambia ni ya nini, na hilo pengo ndo linajazwa na kila kinachopita.

Twende taratibu maana bila kuelewa hapa mengine yote yatakuwa kelele. Kwenye pumu kuna mambo mawili yanatokea kwenye mirija ya hewa na wengi wetu tunajua moja tu. La kwanza, misuli inayozunguka mirija inakaza, hii inakuja haraka, ndo ile kubanwa yenyewe na ule mluzi kifuani. La pili ni uvimbe wa ndani, kuta za mirija zimevimba na zinatoa makohozi mazito, na huu hauji na kuondoka kama kukaza kwa misuli, unaweza kuwepo hata siku umecheza mpira dakika tisini ukajiona mzima, umekaa unasubiri tu vumbi, mafua, moshi, pafyumu ya mtu kwenye daladala, baridi, hata kicheko kirefu. Inhela ya bluu, yaani salbutamoli, inalegeza misuli, dakika chache unapumua. Uvimbe haiugusi. Uvimbe unashushwa na steroidi ya kuvuta, beklometasoni au budesonidi, mara nyingi kopo lake ni la kahawia au la rangi nyingine lakini si lile la bluu, na hii ukivuta leo husikii kitu, ukivuta kesho husikii kitu, inataka uvute kila siku uwe mzima uwe unaumwa, na baada ya siku kadhaa mpaka wiki kadhaa ndo unagundua mbona mwezi huu sijaamka usiku.

Sasa jiulize, mtu gani wa kawaida atatoa hela yake kununua dawa ambayo akiitumia hasikii chochote, wakati kuna nyingine akipuliza tu anasikia? Ndo maana nasema tatizo kubwa la tiba ya pumu limekaa ndani ya ugonjwa wenyewe, dawa inayosikika ndo isiyotibu, na inayotibu haisikiki.

Na hili siyo la maskini peke yao. Uingereza, ambako dawa zipo na kumwona daktari ni bure, mwaka 2014 walitoa ripoti ya kuchunguza vifo 195 vya pumu kimoja kimoja. Karibu nusu yao, asilimia 45, walikufa kabla hawajaomba msaada au kabla msaada haujawafikia. Kati ya 165 waliokuwa wanatumia inhela ya bluu na hesabu zao zikapatikana, 65 walikuwa wamepewa zaidi ya kopo 12 ndani ya mwaka mmoja. Kopo moja ni mipulizo 200, piga hesabu mwenyewe, kopo 12 ni mipulizo kama sita na zaidi kila siku ya Mungu, yaani mtu anabanwa kila siku anafungua kifua kila siku na mfumo unampa tu kopo lingine. Mwaka 2019 GINA, lile jopo la kimataifa linalotoa miongozo ya pumu, likasema wazi kwamba kuanzia miaka 12 kwenda juu mtu asitibiwe tena kwa inhela ya bluu peke yake, hata kama pumu yake ni ndogo. Mwaka huohuo wa 2019 Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 262 walikuwa na pumu na 455,000 walikufa nayo, wengi wa hao waliokufa wakiwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi.

Haya turudi nyumbani, vikwazo vinaanzia wapi? Vinaanza kabla hata ya dawa, vinaanza kwenye jina. Mtoto anakohoa kila usiku, akikimbia anakohoa, akipata mafua kifua kinalia, nyumbani wanasema "ana kifua". Wakienda zahanati wanaambiwa nimonia, antibiotiki. Anapata nafuu (angepata hata bila hiyo antibiotiki, mafua yameisha), mwezi ujao tena, nimonia, antibiotiki, safari hii sindano. Unakuta mtoto ana miaka minne kaandikiwa nimonia mara nyingi kuliko alivyochanjwa na hakuna hata dokta mmoja aliyekaa akarudisha daftari nyuma kurasa tatu akajiuliza hii nimonia gani inarudi kila mwezi. Kwa watu wazima inakuwa kifua kikuu, makohozi yanapimwa hamna kitu, anarudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi. Wakati mwingine dokta kajua kabisa ni pumu lakini hataki kuitaja mbele ya mama, maana pumu mtaani ni hukumu, mtoto wa kike ataolewa na nani, wengine wanaamini inaambukiza wanamtengea kikombe, basi anaandika "kifua kubana" mambo yanaisha. Ugonjwa usio na jina hauwezi kuwa na dawa ya kila siku.

Na hapo kwenye kikohozi kisichoisha ndo anaingia mkata kimeo. Kwa asiyejua, kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, na kuna imani kubwa sana Tanzania kwamba mtoto anayekohoa sana kimeo chake kimerefuka kinamgusa koo, dawa yake ni kukikata. Mtoto anashikwa, kichwa kinarudishwa nyuma, fundi anaingiza kifaa chake mdomoni, sekunde chache kimeanguka, damu kidogo, dawa ya unga inapakwa, kwisha. Nimeona watu wenye akili zao, wana digrii, wanampeleka mtoto usiku kwa siri kwa sababu bibi wa upande wa baba kasisitiza. Madaktari wa koo wamekuwa wakionya miaka yote hii, mtoto anaweza kuvuja damu isisimame, kupata pepopunda, kuambukizwa kwa kifaa kilichotoka kwenye koo la mwingine. Na kikohozi? Kikohozi cha pumu kinatoka chini huko kwenye mirija ya mapafu, kimeo kimekaa juu kwenye koo, havihusiani. Ila kinaweza kutulia wiki mbili tatu chenyewe kama kilivyokuwa kinatulia siku zote, na fundi anapata mteja wa kumsifia.

Hiyo nukta ya mwisho naomba uishike kwa sababu ndo inaeleza nusu ya tiba mbadala za pumu. Pumu ni ugonjwa wa kuja na kuondoka. Leo umebanwa wiki ijayo mzima, msimu wa vumbi taabu msimu mwingine huna habari, na watoto wengi wanaolia kifua wakiwa wadogo wanaachana nacho wanapokua bila kufanyiwa chochote. Kwaiyo kitu chochote utakachompa mtu siku amebanwa sana, maziwa ya punda, chale kifuani, maji ya mwarobaini, supu ya sijui nini, uwezekano mkubwa ni kwamba siku zinazofuata atakuwa afadhali, kwa sababu baada ya siku mbaya kabisa ni nadra ifuate mbaya zaidi. Wanaopona wanasimulia. Wasiopona hawarudi kusimulia, na waliokufa ndo kabisa. Mwaka 2011 tuliliona hili kwa macho, Samunge kule Loliondo kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kikombe kimoja shilingi 500 cha dawa ya mti wa mugariga, inatibu kisukari, pumu, presha, saratani mpaka Ukimwi, foleni ya magari kilometa na kilometa, watu wametolewa wodini kupelekwa huko na wengine wakafia njiani na kwenye foleni. Tusiwacheke waliokwenda. Mwenye pumu aliyekunywa kikombe mwezi wa tatu akakaa mpaka mwezi wa tano bila kubanwa alikuwa na ushahidi wake kifuani, ungemwambia nini? Shida ilikuwa kwa wale waliotupa dawa zao njiani wakirudi.

Alafu tuseme ukweli, mganga anatoa kitu ambacho hospitali haitoi. Anakukalisha. Anakuuliza ilianza lini, ulilala na nani, mlihama lini, mama yako alikuwa nayo? Anakupa sababu hata kama ni ya uongo, na anakuambia utapona. Kwa dokta una dakika nne, nyuma yako kuna watu sitini, unatoka na karatasi ya mwandiko usiosomeka, na ukiuliza nitapona unaambiwa hii haiponi utaishi nayo. Ni kweli haina dawa ya kuing'oa moja kwa moja, lakini kweli hiyo ikiachwa hapo bila ile nusu yake ya pili, kwamba ukivuta dawa yako kila siku unaweza kukaa miezi na miezi bila kubanwa, ukakimbia ukazaa ukalala, basi umemfukuza mgonjwa mwenyewe.

Nirudi kwenye dawa. Salbutamoli utaipata karibu kila mahali. Ile ya kuzuia, yaani steroidi ya kuvuta, ndo kasheshe. Kuna utafiti uliwahi kupita nchi 52 za kipato cha chini na cha kati kuangalia dawa tatu za pumu madukani na hospitalini, ukakuta picha ileile unayoijua ukizunguka maduka ya dawa mikoani, ya kufungua kifua ipo, ya kuzuia ni ya kutafuta kwa tochi, hasa hospitali za serikali, na ikipatikana inakula siku nyingi za kazi za mtu wa mshahara mdogo. Mwenye bima nzuri ana afadhali. Asiye na bima ananunua vidonge, salbutamoli ya kumeza, aminofilini, au prednisoloni za kujinunulia bila cheti, kwa sababu ni bei ya soda. Salbutamoli ya kumeza inachelewa, inakutetemesha mikono, moyo unaenda mbio, alafu mtu anasema dawa za pumu zinaharibu moyo, kumbe ile ya kuvuta dozi yake ni ndogo mno kwa sababu inaenda palepale inapotakiwa.

Steroidi nayo ina hadithi yake. Neno lenyewe linatisha, watu wanawaza kunenepa uso, mifupa, wanyanyua vyuma. Na hofu siyo ya bure, prednisoloni ya kumeza muda mrefu inafanya hayo kweli. Ila angalia kipimo. Mtu mzima akibanwa vibaya anapewa prednisoloni miligramu 40 kwa siku, vidonge vinane vya miligramu 5. Hiyo ni maikrogramu 40,000. Budesonidi ya kuvuta, dozi ya kawaida ya chini ni kama maikrogramu 400 kwa siku. Kwa uzito peke yake siku moja ya vidonge ni sawa na siku mia za kuvuta, na hiyo kidogo inayomezwa ikifika kwenye ini sehemu kubwa inavunjwa kabla haijaingia mwilini. Budesonidi ni kali zaidi gramu kwa gramu kwaiyo hesabu siyo ya moja kwa moja, lakini unaiona tofauti. Anayekimbia inhela ya steroidi kwa kuogopa steroidi, alafu kila miezi miwili anabanwa anapewa prednisoloni za siku tano, kala steroidi nyingi kuliko aliyekuwa anavuta mwaka mzima. Madhara ya kawaida ya kuvuta ni sauti kukwaruza na utando mweupe mdomoni, na unayapunguza kwa kusukutua na maji kisha kutema, hilo tu.

Wajawazito wanaziacha kabisa wakiogopa kumdhuru mtoto, wakati kinachomdhuru mtoto zaidi ni mama asiyepata hewa. Mwezi wa Ramadhani nao una mambo yake, wapo masheikh wanaosema inhela haifunguzi na wapo wanaosema inafunguza, na mgonjwa kati yao anaamua kuacha zote mwezi mzima. Ile ya kuzuia inavutwa mara mbili kwa siku, inaingia vizuri kabisa kwenye daku na baada ya futari bila kugombana na mtu. Ya bluu ukibanwa mchana ni dharura, na mgonjwa ana ruhusa yake kwenye dini.

Tuseme sasa dawa kaipata na kakubali. Anaitumiaje? Simama mahali uangalie watu wanavyopuliza, wengi wanabonyeza kwanza ndo wanavuta, au wanavuta haraka kama wanavuta sigara, au kopo halijatikiswa, dawa yote inaishia kwenye ulimi. Inatakiwa utikise, utoe pumzi nje, midomo ikumbatie, ubonyeze mara moja huku ndo unaanza kuvuta taratibu na kwa kina, ushikilie pumzi kama sekunde kumi, upumzike kidogo ndo upulize ya pili. Kwa mtoto haiwezekani, anahitaji spesa, lile dubwana la plastiki katikati ya inhela na mdomo, na la dukani bei yake watu wengi wanaishia kuliangalia.

Hapa kuna kitu kizuri sana na sielewi kwa nini hakifundishwi kila zahanati. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town wakiongozwa na profesa Heather Zar walichapisha majaribio kwa watoto waliobanwa na pumu, wakalinganisha spesa ya kiwandani na chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita, ile ya soda au maji. Chupa ikafanya kazi sawasawa. Unaitengeneza hivi: chupa safi iliyokauka, chukua waya mnene ukunje uwe na umbo la mdomo wa inhela, upashe moto mpaka uyeyushe tundu kwenye kitako cha chupa, inhela iingie kwa kubana isiache upenyo (ukiacha upenyo zungushia plasta). Mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mpulizo mmoja upande wa pili, anapumua kawaida mara tano sita, mpulizo wa pili hivyohivyo. Chupa iliyokuwa inaenda jalalani. Na kwa mashambulizi mengi ambayo siyo makali sana inhela ya kupitia spesa inafanya kazi sawa na nebulaiza, ile mashine ya mvuke ambayo watu wanaiamini mno mpaka mtu anapanda magari mawili kwenda kuwekewa "gesi" wakati inhela iko mfukoni.

Basi tuzichambue hizo tiba mbadala, maana kuziweka zote kapu moja ni uvivu. Kuna zisizodhuru, kuna zinazosaidia kidogo kweli, kuna zinazodhuru zenyewe kama zenyewe, na moja inaweza kuhama kundi kutegemea imekaa juu ya dawa au mahali pa dawa.

Kahawa kwa mfano. Karne ya 19 daktari wa Uingereza Henry Hyde Salter, mwenyewe mgonjwa wa pumu, alikuwa akishauri kahawa kali kwa waliobanwa, na hakukosea sana, kafeini ni ndugu wa teofilini, dawa halali kabisa ya pumu ambayo iligunduliwa mwaka 1888 ndani ya majani ya chai. Majaribio ya siku hizi yanaonyesha kafeini inafungua mirija kidogo kwa masaa kama manne. Kidogo. Wazee wa kahawa pale Mji Mkongwe au Old Town Mombasa wanaosema kifua kinakuwa chepesi wakipiga vikombe viwili hawadanganyi, ila mtu aliyebanwa sawasawa usimchemshie kahawa. Kuna nyingine kubwa zaidi, Roger Altounyan, daktari mwenye pumu, miaka ya 1960 alijijaribia mwenyewe dawa zilizotokana na mmea unaotumika tangu zamani Misri, akajivutisha vitu vya kumletea shambulizi kusudi aone kipi kinazuia, ikapatikana kromoglikati, dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu. Kwaiyo anayesema mitishamba ni upuuzi hajui dawa anazoandika zimetoka wapi. Sisi wenyewe tuna Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002. Tofauti ya mmea na dawa ni kujua kiasi gani, kwa nani, na kimejaribiwa kwa nini.

Habasoda, wengi tumeikuta nyumbani na ina heshima yake kwenye dini sigusi hapo. Mwaka 2017 Saudia walifanya jaribio, wagonjwa wakapewa vidonge vya mafuta yake kwa wiki nne wengine vidonge vitupu, waliopata habasoda wakaripoti afadhali ya dalili. Lakini soma vizuri, waliendelea na dawa zao za hospitali, habasoda iliongezwa juu ya hizo. Tangawizi, asali, mchaichai, vinywe tu, koo linapata joto, mgonjwa anapata maji, bibi anafurahi. Mazoezi ya kupumua nayo, yale ya Buteyko yaliyotoka Urusi ya zamani, yana ushahidi wa kupunguza dalili na wasiwasi, ila mapafu yenyewe hayabadiliki sana.

Upande wa pili sasa. Maziwa ya nyuki (royal jelly), yale yanayouzwa kwenye vikopo na watu wa mtandao wa "jiunge na timu yetu", kwa mwenye pumu na mzio ni hatari, Australia miaka ya 1990 waliripoti vifo vya wenye pumu waliotumia hayo, mwili ulilipuka kwa mzio wakabanwa moja kwa moja. Kujifukiza nyungu, ambako kulipamba moto wakati wa korona, hakujathibitika kutibu pumu, mvuke wa moto na mkaratusi mkali unaweza kumbana mtu papo hapo, na watoto wameungua na yale masufuria. Ubani na udi ndo usiseme, pwani yetu yote tunafukiza nyumba tunafukiza nguo tunafukiza na mgonjwa. Wenzetu Oman, ambako udi ni kama chumvi, walichunguza watoto wao wakakuta moshi huo hausababishi pumu lakini kwa mtoto ambaye tayari anayo unamwamsha kifua. Yaani mgonjwa anafukiziwa kinachombana. Kuni na mkaa ni mjadala wake mwenyewe, serikali mwaka 2024 imezindua mkakati wa nishati safi wa kufikia asilimia 80 ya watumiaji ifikapo 2034, mpaka hapo mama anayekaanga samaki kwenye chumba kisicho na dirisha na mtoto mgongoni anaendelea kuvuta.

Ila inayoniogopesha kuliko zote ni ile "dawa ya asili" ya unga au ya vidonge visivyo na jina, inayofanya kazi vizuri mno. Inakupa hamu ya kula, kifua cheupe ndani ya siku mbili, uso unajaa. Dawa za namna hiyo zikipimwa maabara zimekutwa mara nyingi, nchi mbalimbali, zimechanganywa deksamethasoni au prednisoloni. Ndo ileile steroidi uliyoikimbia hospitali, sasa unaila bila kujua kiasi, kwa miezi, na ukiiacha ghafla mwili uliokwishaacha kutengeneza ya kwake unaweza kuanguka. Dawa ya kienyeji ikikupa nafuu ya haraka hivyo na uso ukawa wa mviringo, usiiache ghafla, wala usinyamaze, ipeleke na kopo lake kwa dokta.

Kusema ndo kwenyewe sasa. Dokta anauliza, "Mama, mtoto anatumia dawa gani nyingine nyumbani?" "Hamna dokta." Mtoto kavuliwa shati chale mbili mbichi kifuani. Dokta anazijua, mama anajua dokta kaziona, wote wanaangalia pembeni. Mama ananyamaza kwa sababu mara ya mwisho alipotaja dawa ya kienyeji alifokewa mbele ya foleni. Gharama yake ni kwamba dokta haambiwi kuwa inhela ya kuzuia iliachwa tangu mwezi wa pili, anaona dawa "haifanyi kazi", anaongeza dozi ya kitu kisichotumika. Swali ambalo lingefaa ni jingine kabisa: ulipoanza hiyo nyingine, hii uliiendeleza?

Kwa aliye na mgonjwa ndani leo, haya hapa ya kushika. Ukitumia ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, au kifua kikakuamsha usiku, pumu yako haijatulia, uliza dawa ya kuzuia kwa jina, "nataka steroidi ya kuvuta", na kama wewe ni mtu mzima uliza pia kama ipo ile yenye budesonidi na formoteroli kopo moja, maana hiyo inafungua na kushusha uvimbe kwa pamoja. Na kuna dalili ambazo hazisubiri kikombe cha mtu yeyote: hamalizi sentensi kwa pumzi moja, mbavu za mtoto zinaingia ndani akivuta hewa, midomo inageuka rangi, anasinzia wakati alikuwa anahangaika, mluzi uliokuwa unasikika umenyamaza na bado anahangaika, au ya bluu haishiki hata masaa matatu. Hapo mkalishe wima usimlaze, mpe ya bluu kwa spesa au chupa, mipulizo minne mpaka kumi mmoja mmoja, rudia kila dakika 20 saa la kwanza, na yote hayo yafanyike mkiwa tayari kwenye gari.